Honi kutoka Ras Kitau

Baba yangu aliiweka familia yake Shela na pikipiki yake ng'ambo, Ras Kitau kisiwani Manda, kwenye kibanda cha makuti alichokijenga mwenyewe. Shela hapakuwa na pa kuiendesha: vichochoro vinapitisha punda mmoja kwa shida, na ukivimaliza unaingia mchangani. Manda kulikuwa na njia, na kazi yake ilikuwa huko, kutengeneza pampu na jenereta za nyumba za wageni. Kila asubuhi alivuka kwa mashua na dumu la maji matamu mkononi. Maji ya Manda ni ya chumvi, na chuma chake hakukubali kioshwe kwa chumvi.

"Mke mwenzangu jana alikoga?" mama alikuwa akimuuliza anapofunga dumu.

"Alikoga, Bi. Anakusalimu."

"Mwambie namuombea kutu."

Baba alicheka kila siku kana kwamba ndiyo kwanza anausikia mzaha huo. Siku za Idi alituvusha sote, akatupakia sisi watoto mmoja mmoja kwa zamu. Mama aliketi kwenye mkeka, akakataa katakata kupanda.

Pikipiki ilikuwa ndogo lakini honi yake ilikuwa ya lori. Mchana, akitoka kazini na kukaribia pwani, aliipiga: mbili fupi, moja ndefu. Sauti ilivuka mkondo mpaka jikoni kwetu, juu darini. Mama alisema, "Babenu huyo, atuita," akatia mchele kwenye tui lililokuwa likichemka. Mpaka baba afunge pikipiki, apate mashua, avuke, apande mpaka nyumbani, wali uliiva naye akivua viatu mlangoni. Nimekua hivyo. Sikuwahi kuona kama kuna jambo la kuuliza.

Alifariki mwaka huu, baada ya kuugua wiki mbili. Mama akaingia eda, nami nikaja kutoka Mombasa nikabaki, maana aliye edani hatoki na lazima awepo wa kumwendea sokoni.

Arobaini ilikuwa imepita siku chache honi ilipolia. Nilikuwa nikimenya vitunguu. Mbili fupi, moja ndefu. Niliangalia saa: saba kasorobo. Sijui kwa nini niliangalia; labda nilitaka niwe na kitu kimoja cha hakika. Nilipoinua macho, mama alikuwa ameshasimama na bakuli la mchele.

"Mama."

"Nimesikia."

"Lakini si..."

"Najua aliko. Nipishe."

Akatia mchele. Ulipoiva akapakua, akaweka sahani ya baba mahali pake. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu alipakua, akaitazama sahani, na yeye mwenyewe hakula. Sikuweza kujua kama honi ile inamliwaza au inamtonesha. Nikamuuliza kama niende nikamwombe huyo mtu aache.

"Kwanza kaone ni nani," akasema.

Kibandani nilimkuta mwenzake baba wa kazi, mtu wa Chundwa anayelala huko huko Manda kwenye vyumba vya wafanyakazi. Alikuwa akiifuta pikipiki kwa kitambaa, dumu la maji matamu pembeni yake.

"Karibu, karibu. Mama hajambo? Eda inakwendaje?"

"Alhamdulillahi. Kumbe umeanza kuiendesha."

"Fundi alinipa ufunguo alipokuwa kitandani. Akaniambia isilale, chumvi itaila. Nikaona haya kuigusa kabla ya arobaini."

"Na honi?"

"Honi ya punda hiyo."

Akanionyesha, nyuma ya matangi ya maji, mahali njia ya punda wa kubeba mawe inapoikata njia ya pikipiki, na vichaka vimeziba pande zote mbili. "Mwaka wake wa kwanza alimparamia punda hapo, akapoteza jino. Toka siku hiyo, mbili fupi, moja ndefu, mwenye punda ashike kamba. Nami akanifundisha hivyo."

Pengo la jino lile nililijua. Sisi tuliambiwa alianguka mnazini.

"Kwa hiyo haikuwa ya kutuita sisi?"

"Nyinyi wa wapi?"

"Nyumbani. Mama huisikia akatia mchele."

Akaacha kufuta. "Hilo hakuniambia." Kisha akanitazama usoni. "Lakini kuna siku punda hawakuwapo. Akapita pale kimya. Mimi nilikuwa naye, nakwenda mjini Amu. Tumeshapanda mashua, akashuka majini, akarudi hapa, akapiga honi, akaja suruali chapachapa. Nikamwambia, Fundi, punda yuko wapi? Akasema alisahau. Kusahau nini, hakusema."

Nilivuka kurudi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Habari ya punda aliitoa kabla hajauona uso wangu. Habari ya suruali, baada ya kuuona. Sikumdhania uongo. Lakini mtu mwenye huruma huweza kukumbuka hata jambo ambalo halikutokea.

Nilimweleza mama yote kwa mpangilio: nani, kwa nini, tangu lini. Ya suruali niliiweka mwisho, nikamwambia sina hakika nayo.

"Ya punda naijua," akasema. "Jino lenyewe nililitupa mimi juu ya paa."

"Ulijua? Na miaka yote ukatuambia atuita?"

"Siku gani ulimuona babako akila wali baridi?"

"Hilo si jibu, mama."

"Ndilo nililo nalo."

"Na yeye, alijua kwamba wewe wapika kwa honi ya punda?"

Alikunja kanga yake ya kufutia mikono. "Hatukuwahi kulizungumza." Akaikunjua, akaikunja upya. "Huyo wa Chundwa, mchana hula nini?"

Nilikuwa nimeona juu ya rafu nusu mkate na chupa ya soda. Nikamwambia.

Akasonya. "Mwambie asiache honi."

Kesho yake ililia saa saba kasoro dakika kumi. Mama alitia mchele. Ulipoiva aliupakua kwenye hotipoti, samaki wa kupaka juu yake, akanikabidhi, nami nikashuka kwenye mashua.

"Nini hiki?" yule bwana aliuliza.

"Si umepiga honi?"

"Nimempigia punda."

"Najua. Na mama anajua."

Aliishika hotipoti kwa mikono miwili, akaniangalia, akaiangalia pikipiki, akaniangalia tena. Alikuwa akingoja nimfafanulie. Nilimwambia ale kabla wali haujapoa.