Saini ya Mama Chanuo

Nilikuwa sakafuni, kichwa kati ya magoti ya Mama Chanuo, nusu kimesukwa na nusu kimetimka, kwa hiyo mtu asiniambie nimehadithiwa. Huyu ndiye msusi wetu wa mtaa. Nyumba yake kaijenga kwa vidole, chumba baada ya chumba, yeye anasuka sebuleni huku mafundi wanapiga lipu uani.

Mdogo wake akaingia na mtu wa benki mwenye futi mkononi. Hodi walipiga wameshafika katikati ya chumba, watu wazima wale!

"Dada, huyu kaja kuthamini nyumba. Tunaiweka rehani, tunachukua mkopo, tunanunua hisa. Faida italipa mkopo na nyingine itabaki. Wewe kazi yako kutia saini tu."

"Tunaiweka? Wewe na nani?"

Vidole vikakaza. Nikapiga yowe.

"Vumilia, mwanangu, si wewe."

"Nyumba imekaa bure, dada!"

"Bure? Mimi nalala wapi? Hisa zikianguka nikajifunike hisa?"

Mtu wa benki akaanza kupima ukuta. Mama Chanuo akamwelekezea chanuo. "Kaka, sijakuita. Uache ukuta wangu." Jamaa akakunja futi, akaitia mfukoni. Nilimpenda kwa hilo.

"Kama hisa tamu hivyo, mbona huweki nyumba yako?"

Mdogo mtu akatazama viatu vyake. Mikono kichwani mwangu ikasimama, nayo haijawahi kusimama hata kwa msiba.

"Umeshaiweka," akasema Mama Chanuo.

"Bei zimeshuka kidogo tu. Nikiongeza pesa sasa zitarudi zote. Nisipolipa mwezi huu, benki wanaiuza."

Moyo ulinilegea, nakiri. Huyo mdogo wake kamlea yeye mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Nikajua sasa atakubali. Wapi!

"Lete mkeo na watoto," alisema kwa hasira. "Chumba cha uani nawapa leo, chakula tutagawana. Saini hupati. Ukitaka kununa, njoo ununie humu humu ndani."

"Kwa hiyo huniamini, dada?"

"Nakupenda. Nikitia saini, mwezi ujao utakuja kulala kwa nani?"