Sindano ya Nguruwe wa Mama

Mama alikubali kufanyiwa upasuaji siku ile ile aliyoniomba nimwandalie nguruwe wake rekodi za afya. Sikuona uhusiano wa mambo hayo mawili. Nilidhani ni uzee tu.

Uvimbe shingoni ulikuwa umefika mahali pa kumnyima pumzi, hata akawa analala ameketi, mgongo umeegemezwa mito. Kila nilipotoka Meru, ninakofanya kazi, nikaenda kumwona kwake Kanja, nilirudi na jibu moja: hospitali ataenda, ila si sasa. Safari hii aliweka sharti. Daktari wa mifugo aje kwanza, na nguruwe awe na kadi yake.

Nguruwe huyo ni dume aliyehasiwa, mpana kuliko kochi langu, na hana kazi yoyote duniani. Mama alimnunua akiwa mdogo ili amnenepeshe na kumuuza. Siku ya kumuuza ilipofika alikuwa keshampa jina, na biashara ikaishia hapo. Mama akienda shambani humfuata, akajilaza kati ya mibuni kumsubiri amalize kupalilia. Mimi simpendi. Hunikanyaga viatu, na Jumatatu mimi huingia ofisini na harufu yake.

Hata hivyo nilikaa na daftari nikauliza maswali kama karani. Alipewa lini dawa ya minyoo mara ya mwisho? Ile wiki akina mama wa kanisa walipokuja kuvuna maharagwe, alisema. Alihasiwa lini? Maharagwe meusi ya njahi yalikuwa yanatoa maua. Mama hajui tarehe, anajua mimea na wageni, kwa hiyo ilibidi nimwite mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua, anisaidie kugeuza majibu hayo kuwa miezi. Aliniuliza kama nimepata mnunuzi. Kwetu hakuna anayeandika historia ya mnyama bila mnunuzi. Nilipomwambia hapana, aliniangalia kama mtu anayefichwa bei.

Daktari alikuja Jumamosi kwa pikipiki. Alimpima joto kwa nyuma, nguruwe akapiga kelele zilizowatoa majirani shambani, akamsikiliza kifua, akatazama macho na kwato. Alisifu daftari langu. Akasema mgonjwa wake ni mzima kabisa, na akaanza kufunga mkoba.

"Na sindano?" Mama akauliza.

"Cucu," daktari akajibu, akimwita bibi kwa heshima, "huyu hana shida. Nimdunge ya nini?"

"Mdunge, halafu uandike kwa kadi asiliwe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mara ya mwisho Mama kulazwa, watu wa kanisa walifika nyumbani kumwombea, na watu waliokuja kuombea mgonjwa hawawezi kuondoka na chai tu. Mdogo wangu alichinja mbuzi, yule aliyekuwa akimfuata Mama mpaka mtoni. Hakuwa na nia mbaya. Mama aliporudi akaambiwa kwa furaha jinsi watu walivyokula na jinsi walivyomwombea vizuri, akashukuru, na hakuingia tena hospitali. Siku zote hizo nilidhani anaogopa kisu cha daktari. Alikuwa anaogopa wageni wake mwenyewe.

Daktari aliufungua tena mkoba. Kisha akaomba daftari, akatafuta ule ukurasa wa maharagwe, akahesabu miezi kwa vidole. Dawa ya minyoo ilikuwa imefika wakati wake, tena imepita. Alimdunga, akaandika kwenye kadi jina la dawa, na chini yake kwamba nyama isiliwe mpaka wiki nne ziishe. Hakuna uongo uliosemwa. Mama alitaka herufi ziwe kubwa zaidi, na daktari akaandika upya. Tuliitia kadi kwenye mfuko wa plastiki, tukaigongomea mlangoni pa banda, usawa wa macho ya mdogo wangu. Kisha Mama akaingia ndani kupanga nguo zake.

Upasuaji ulifanyika Meru. Siku iliyofuata mdogo wangu alinipigia simu kulalamika. Wageni walikuwa wamejaa uani, na wote walikuwa wameisoma ile kadi. Aliwapa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha tu, akaona haya. Nilimpa Mama habari hizo akiwa kitandani, akafumba macho kwa kuridhika.

Baadaye daktari wa hospitali alitueleza kwamba ametoa upande mmoja wa uvimbe. Upande wa pili ungengoja apate nguvu, miezi mitatu hivi, na akataja tarehe. Mwaka mzima Mama alikuwa akizungumza kama mtu asiye na mwezi ujao. Alishagawa mashuka yake, na alishanionyesha gauni la kumzika nalo. Nilijiandaa kubembeleza.

"Hiyo tarehe ni sawa," akasema, sauti inakwaruza, "lakini mwambie daktari wa nguruwe atangulie."

Daktari wa hospitali aligeuka kunitazama mimi. Nilifurahi mno nikashindwa kumweleza. Nilitoka hadi kwenye korido, nikampigia simu daktari wa mifugo, nikamwomba siku kabla ya tarehe hiyo.