Tangi Lililomfaa Mama Tong

Tong Shuxian alikuwa mvuta kiko, na hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kujificha. Kwao Jilin, kaskazini mwa China, ambako baridi huwafungia watu ndani karibu nusu ya mwaka, wanawake hupanda juu ya kitanda cha matofali chenye moto chini yake, wakakunja miguu, wakavuta na kupiga soga mpaka theluji ichoke yenyewe. Kiko chake kilikuwa kirefu, kichwa cha shaba, na tumbaku yake aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, akaianika, akaisugua kwa viganja. Mumewe alikuwa ameshafariki na yeye ana miaka sitini na sita pale mwanawe Yongkui alipompigia simu kutoka Shenzhen.

"Mama, Meishan kajifungua. Njoo utusaidie kulea."

Akafungasha nguo, mtungi wa kabichi iliyochachuliwa na mfuko wa tumbaku, akapanda treni kuelekea kusini.

Yongkui alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha sigara za umeme pale Shajing, pembezoni mwa Shenzhen. Mtaa mzima uliishi kwa kazi hiyo. Ukitoka kununua vitunguu utapishana na mtu aliyebeba boksi la betri, na mwingine anayezozana kwenye simu kuhusu vioo vya matangi, vile vijichupa vya kutilia mafuta ya kuvutia. Meishan, mkewe, mwenyeji wa Guangdong, mkoa wenye mji huo wa Shenzhen, alipima watu macho katika duka la miwani. Alikuwa mtaratibu, maneno yake machache, na alimwita mkwewe "Mama" kwa heshima ileile unayomwitia mteja wa kwanza asubuhi. Mtoto wao waliyemtunza wote watatu aliitwa Manman.

Shuxian alivutia kibarazani. Ila upepo wa kule hauna adabu, ulimrudisha moshi sebuleni kila alipoutoa. Meishan hakusema neno. Alifua mapazia tu. Wiki hii mapazia, wiki ijayo mapazia, na Shuxian, ambaye hakuzaliwa jana, akayaona.

Manman alipokaribia mwaka na nusu, mvua za masika zilimletea kikohozi kisichokatika. Wakampeleka zahanati. Daktari akamsikiliza kifua, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Nyumbani nani anavuta?"

Meishan akatazama viatu vyake.

"Mimi," Shuxian akasema. "Bibi yake."

Walipofika nyumbani alikizungushia kiko taulo, akakisukumia chini kabisa ya sanduku lake la nguo. "Nimeacha," akamwambia mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyemaliza mazungumzo. Akaingia jikoni kukanda unga, na siku ile maandazi ya mvuke yalitoka magumu kama mawe, maana aliyapiga kwa hasira zote.

Yongkui alifurahi kupita kiasi. Kumbe siku zote alikuwa na suluhisho, ila alimwogopa mama yake. Kesho yake alirudi kutoka kazini na chombo walichojivunia kuliko vyote kiwandani: boksi la chuma lenye betri mbili na kioo kinachowaka tarakimu, juu yake tangi nene kama kikombe cha chai.

"Bonyeza hapa mara tano kuwasha. Halafu bonyeza, vuta."

"Hiki ni cha kuvuta au cha kuchomelea mageti?"

"Vuta tu, Mama."

Akavuta. Kiko huvutwa kwa mashavu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Lile tangi lilikuwa na matundu mapana ya hewa, limeundwa kwa watu wanaovuta moja kwa moja mpaka mapafuni. Mvuke ukamwingia kama mlango uliofunguliwa na dhoruba. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na sebule nzima ikajaa wingu jeupe lenye harufu ya embe. Hazikupita dakika mbili, mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani yao Xiang Guihua, mama wa Kihunan aliyekuwa akicheza naye densi uwanjani kila jioni, ndoo ya maji mkononi.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, shoga," Shuxian akasema huku akijifuta macho. "Mwanangu ananipikia mapafu."

Guihua alicheka mpaka nusu ya maji ikamwagika kwenye zulia, na kwa muda mrefu baadaye, kila walipokutana uwanjani, alimsalimia kwa kuuliza kama mapafu yameiva.

Yongkui hakukata tamaa. Akaleta kijisigara chembamba kama kalamu, kisicho na kitufe wala tangi la kufungua. Hicho kilivutika vizuri kidogo, lakini kilikuwa chepesi mno mkononi, ladha yake ya tikiti maji, na kabla ya chakula cha mchana kilishaishiwa chaji. "Ni kama kunyonya pipi ya Manman," Shuxian akalalamika. Yongkui akaleta cha tatu, kizuri kwa macho, ila tangi lake lilijazwa kwa chini. Ilibidi ligeuzwe kichwa chini, lifunguliwe, limiminiwe matone pembeni bila kugusa tundu la katikati. Vidole vya Shuxian vilikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi. Alijimwagia surualini mara mbili, akakiweka kabatini na kukifungia.

Wiki ile alikitoa kiko ndani ya taulo.

Hakuvutia nyumbani. Alishuka kwenye ngazi za dharura, ghorofa mbili chini, mahali ambapo hakuna anayepita kwa sababu kuna lifti. Na huko ndiko Meishan alikomkuta, siku ambayo lifti iliharibika naye akapandisha kwa miguu akitoka kazini. Shuxian akabaki na kiko mkononi, moshi ukipanda. Alitamani ngazi zimmeze. Alingoja maneno, na kimoyomoyo alikuwa ameshayaandaa majibu.

Meishan akaweka mkoba chini, akaketi kwenye ngazi ya juu yake.

"Vile vitu vya Yongkui havikukufaa, Mama?"

"Havikunifaa."

"Alikuuliza unavuta vipi?"

Shuxian akamtazama. "Aniulize nini? Si anaviunda yeye?"

"Mimi mteja akija nampima kwanza," Meishan akasema. "Namuuliza anasoma, anashona, anaendesha gari. Nikimpa miwani nzuri kuliko zote dukani bila kumpima, atatoka pale akigonga milango." Akauegemeza mkoba ukutani. "Yongkui anakuletea anachokipenda yeye."

Shuxian akacheka, kicheko kilichomshangaza mwenyewe, akakizima kiko kwenye ukuta. "Na wewe mbona siku zote umekaa kimya hivyo? Mimi nilidhani unanichukia."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayenichukia. Unapokanda unga nyumba nzima inatikisika."

Jumapili wakamvisha Manman kofia, wakamwachia Guihua, kisha wakaenda wawili kwenye duka dogo lililo nyuma ya soko la samaki. Mwenye duka, Zhuang Lianjiao, mama wa makamo kutoka Chaozhou, alikuwa na meza ya chai mbele na kabati za vioo nyuma. Aliwamiminia chai kwanza, kama kwao wanavyofanya, kisha akauliza, "Nani anayevuta?"

"Mimi."

"Sigara?"

Shuxian akatoa kiko. Lianjiao akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akakirudisha. "Hebu vuta, nikuone."

"Hakina moto."

"Vuta hivyohivyo. Fanya kama kinawaka."

Shuxian akaona aibu, lakini akavuta. Funda fupi, funda fupi, akaushika moshi usiokuwepo mdomoni, akaumeza kidogo, akautoa puani. Kisha akakishusha gotini kikae. Lianjiao alikuwa akitazama mashavu, si kiko.

"Basi wewe si mtu wa mawingu," akasema. "Unataka kinachobana."

Akatoa tangi moja, akashika pete yake ya kupunguza na kuongeza hewa, akaeleza huku akiizungusha kwa kidole. Tangi la mawingu lina waya mnene wa kuchemsha na matundu makubwa, linakula mafuta na betri kama ng'ombe wa maziwa. Mvuta kiko anataka waya mwembamba, umeme kidogo, tundu dogo, na mafuta yenye nikotini ya kutosha, la sivyo atavuta kutwa nzima asishibe. Tangi liwe la kioo ili aone kilichobaki. Lijazwe kwa juu. Na betri iwe ya kitufe kimoja, isimame yenyewe mezani bila kuviringika.

"Tarakimu?" Shuxian akauliza.

"Za nini? Unataka kuvuta au kupiga hesabu?"

Hapo Shuxian akajua kwamba watapatana.

Alijaribu la kwanza. Lilibana vizuri, lakini mafuta yalimrukia ulimini, ya moto. "Linatema mate hili." La pili lilivutika kama hewa ya dirishani hata baada ya pete kufungwa mpaka mwisho. Lianjiao akalichukua bila kubishana. La tatu lilikuwa fupi, nene kidogo, kioo chake hakizidi kidole gumba. Kifuniko kilisukumwa pembeni kwa gumba na tundu la kujazia likaonekana, pana, halimtaki mtu awe na vidole vya binti wa miaka ishirini. Lianjiao akalijaza mafuta ya ladha ya tumbaku, akaliweka mezani.

"Tungoje."

"Tungoje nini? Limeshajaa."

"Pamba ya ndani inywe kwanza. Ukivuta ikiwa kavu utaunguza, utasema nimekuuzia majivu."

Wakanywa chai nyingine. Meishan akauliza habari za chupa ya mafuta, maana kuna mtoto nyumbani, na Lianjiao akawaonyesha kifuniko cha kubonyeza-na-kuzungusha, akasema hata hivyo iwekwe juu, ifungiwe, kwa sababu yale mafuta kwa mtoto ni sumu. Kisha Shuxian akavuta. Funda fupi, funda fupi. Akaushika mdomoni, akautoa puani. Akavuta tena.

"Vipi, Mama?" Meishan akauliza.

"Si kiko," Shuxian akasema. Akalipima uzito kiganjani. "Lakini linajua adabu."

Alitaka jambo moja zaidi: mdomo wa tangi ulikuwa mfupi, akahisi kama anabusu chupa. Lianjiao akapekua droo, akapata kimdomo kirefu cheusi, chembamba. Kikaingia barabara.

Yongkui alirudi jioni akakikuta chombo kipya cha mama yake kimesimama mezani, karibu na sahani ya kabichi. Uso ukamng'aa. Akakiinua, akakigeuza chini asome maandishi, na uso ukazimika.

"Mama! Hili tangi ni la wale wa barabara ya pili!"

"Wale nani?"

"Washindani wetu! Wale waliotuibia fundi wetu mkuu!"

"Basi fundi huyo mwambie asante," Shuxian akasema, akimpakulia wali.

Yongkui alikula amenuna kama mtoto. Lakini bakuli lilipoondolewa alishindwa kujizuia. Akatandika karatasi, akalifungua tangi vipande vipande, akakitazama kitundu cha hewa karibu na taa, akapuliza, akasikiliza. Meishan alikuwa akimbembeleza Manman begani, akamtazama mumewe.

"Wamelitoboa kwa upande," Yongkui akasema mwishowe, polepole. "Ndiyo maana halivuji. Wamefanya vizuri hawa mbwa." Akaliunganisha upya, akampa mama yake kwa mikono miwili. "Unavutaje hasa, Mama? Nionyeshe."

Haikuwa rahisi moja kwa moja. Kuna asubuhi Shuxian alikitamani kiko mpaka mikono ikamuwasha, na mara moja alikivuta, akamwambia Meishan mwenyewe kabla hajaulizwa. Kuna siku mvuke ulikuwa na ladha ya kitambaa kilichoungua, akadhani ameuziwa kibovu, kumbe waya umechakaa. Akajifunza kuubadilisha, miwani puani, ile aliyopimwa na mkwewe. Bado alitoka kibarazani na kufunga mlango nyuma yake, kwa kuwa mvuke nao si wa kumpulizia mtoto. Kikohozi cha Manman kilikwisha mvua zilipokwisha, na kama ni kwa sababu ya mvua au ya kiko, hakuna aliyejua kwa uhakika. Shuxian hakujali kujua. Mapazia yalining'inia mwezi mzima bila kufuliwa.

Kiwandani nako, Yongkui alianza kubeba matangi ya majaribio kumpelekea mama yake. Mengi aliyatukana. Moja alilikubali, baada ya kuwafanya wapunguze tundu mara mbili, na Yongkui alitembea siku hiyo nzima kama aliyepandishwa cheo.

Majira ya joto yakaingia. Siku moja Shuxian alikuwa akipika mchuzi wa maharage na nyama, Meishan akaonja kwa kijiko na kukunja uso.

"Mama, chumvi hii! Unataka kutuua?"

"Chakula cha kwenu hakina ladha, mnachemsha kila kitu kama mnawapikia wagonjwa!"

"Wagonjwa wanapona! Wewe utatukausha kama samaki!"

Wakabishana hapo mbele ya jiko, sauti zikipanda, Manman akipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, mpaka Yongkui akachungulia na kurudi haraka alikotoka. Meishan akaongeza maji kwenye sufuria bila kuomba ruhusa. Shuxian akamsukuma kwa nyonga, akarudisha chumvi kidogo, naye alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ashuke kwenye treni ile.