Mzee Springi Hagusi Kitu

Walimwita Mzee Springi kwa sababu katika miaka yote aliyotengeneza makochi hakuwahi kumkabidhi mteja kochi bila kulikalia kwanza, na hakulikalia kistaarabu. Alijitupa, akajirusha tena, akatega sikio. Springi ikilia tu, kochi linarudi karakana. Wateja walicheka, kisha walilipa bila maneno mengi. Sasa presha ya macho ilikuwa imemwondolea macho yote mawili, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na watoto wake wakaamua kwamba mikono nayo imekwenda na macho.

Hilo la mikono ndilo lililomkera. Upofu alikwisha kuuzoea, akaujua kama mtu anavyomjua mpangaji mkorofi. Lakini kufanywa yai ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, hapana.

Kinara wa mambo hayo alikuwa kifungua mimba wake. Huyu alifanya kazi ya bima, na mtu wa bima akiingia chumbani haoni viti, anaona ajali. Alikuja siku moja akakusanya nyundo za baba yake, mikasi, visu vya ngozi na sindano za kushonea turubai, akavihesabu kimoja kimoja, akavifungia kwenye sanduku la zana na kuondoka navyo kwenye buti la gari. Tangu hapo wimbo ukawa mmoja: usiguse jiko, Baba, usiguse pasi, Baba. Mwisho akapaka rangi chumba kimoja nyumbani kwake, akanunua kitanda kifupi, akatangaza kwamba Jumapili anakuja kumhamisha mzee. Mzee Springi alisema haendi. Mwanawe akajitia hamnazo, akaendelea kuulizia masanduku ya nguo.

Aliyebaki upande wa mzee ni kitindamimba, binti aliyeishi naye, ingawa naye upande wake ulikuwa wa kuyumbayumba. Damu ya baba ilimwingia: alichora viti, ila alivichora kwenye kompyuta. Michoro yake ilikuwa mizito mno kwa laptopu, hivyo aliihifadhi kwenye diski iliyokaa sebuleni, kisanduku kizito kama tofali ambacho nyumba nzima ilikiita ghala. Ghala liliunganishwa kwa waya na ruta ya intaneti, na kwa njia hiyo binti aliweza kufungua mafaili yake popote alipo, hata akiwa mji mwingine.

Wiki hiyo mafundi wa intaneti walikuwa wamekuja kufunga ruta mpya. Kaka mkubwa ndiye aliyewasimamia. Walipoondoka, alichukua katoni, akaitoboa matundu ya hewa, akaifunika juu ya vyombo vyote kwenye rafu, kisha akaizungushia gundi ya karatasi ile pana ya kahawia, mizunguko juu ya mizunguko. Alisema ni ili Baba asije akavuta waya akaanguka. Mzee alikaa palepale akisikiliza gundi ikivutwa, krrr, krrr, na kila mvuto ulimchoma.

Basi asubuhi hiyo mzee alikuwa peke yake, simu ikalia. Alikuwa kitindamimba, yuko safarini, ameketi kwenye ukumbi wa hoteli ambayo wamiliki wake walitaka viti vipya vya vyumba vyote.

"Shikamoo Baba. Jirani yupo karibu?"

"Marahaba, mama. Jirani wa nini? Mimi nipo."

"Ghala halifunguki. Nataka mtu anitazamie taa."

Mzee alimeza mate na neno kwa pamoja. Akamwita jirani, mwalimu mstaafu wa chekechea, mama mwema kabisa ila alizungumza na kila mtu kama vile anamfundisha kufunga kamba za viatu. Mwalimu akaja, akachungulia kwenye matundu ya katoni.

"Zote za kijani, mwanangu," akaiambia simu. "Zinawaka vizuri sana. Na babu ametulia, hasumbui."

Babu alikunja ngumi mfukoni.

Taa zikiwa za kijani, binti akaona kosa liko kwake. Akaandika upya paswedi. Akaizima laptopu na kuiwasha. Akaachana na intaneti ya hoteli, akatumia bando la simu yake. Jibu likawa lilelile: kifaa hakipatikani. Akampigia kaka yake, na kaka akashika uzi uleule: Baba asiguse kitu, yeye yuko kazini, akitoka atapita.

"Basi, Baba," binti akasema alipopiga tena, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Kaa tu. Kaka atakuja."

"Na hao wa hoteli?"

"Wanakunywa chai. Wakimaliza wananiita. Nitawaambia waje siku nyingine, sijui kama watakuja."

Mzee Springi alisimama. Alikuwa ameijua sauti hiyo tangu binti akiwa mchanga, na hakuwahi kuivumilia.

"Nikuulize kitu. Ukifungua hayo mafaili yako, yanapita wapi?"

"Yanatoka kwenye ghala, yanaingia kwenye waya, yanakwenda kwenye ruta, halafu nje."

"Na hiyo taa ya kijani inasemaje?"

"Inasema umeme upo na waya umeshika."

"Umeshika wapi?"

"Baba, kaka amesema usiguse."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Nakuuliza wewe. Wewe unasemaje?"

Upande wa pili vikombe viligongana, mtu akacheka mbali. Mzee alisubiri. Hakuna kitu alichokitaka siku ile kuliko jibu hilo, hata viti vyenyewe.

"Fungua, Baba."

Gundi ilikuwa ngumu na kucha zake watoto wake walikuwa wamezikata, tena fupi. Hakubishana nayo. Alilirudia kochi lake, lile alilolitengeneza kwa mikono yake, akaingiza vidole nyuma ya mto wa katikati mpaka kwenye mshono, akauchana. Ndani, katikati ya sponji na turubai, kilikuwepo kisu chake cha ngozi chenye ncha iliyojipinda, alichokishonea humo mwenyewe.

Mwalimu alipiga hatua mbili kurudi nyuma. "Mzee, nimpigie mwanao?"

"Mpigie. Mwambie nina kisu."

Mwalimu akatoka mbio na simu yake. Mzee akaweka ya kwake juu ya rafu, sauti ikiwa juu, akapitisha ncha chini ya gundi kama alivyofungua mishono maisha yake yote. Katoni ikaachia. Akaiweka sakafuni, akafunga kisu na kukiweka mezani, akaanza kupapasa.

Ghala alilitambua kwa uzito na kwa mtetemo. Nyuma yake zilitoka nyaya mbili. Mmoja mnene, huo ulikwenda ukutani kwenye umeme. Mwingine mwembamba, akaufuata kwa kidole gumba na cha shahada bila kuuachia, ukampeleka kwenye kisanduku kidogo chenye joto.

"Nimefika kwenye ruta," akasema. Kisha akakizunguka kisanduku hicho chote kwa vidole, na mkono ukagonga kingine pembeni. "Ngoja. Hapa viko viwili."

"Viwili nini? Ruta ni moja tu, Baba."

"Nakwambia viwili. Hiki kimoja kina waya wa ghala lako na waya wa umeme, basi, hakina kingine. Hiki cha pili kina umeme na huu waya unaoingilia dirishani. Na hiki cha pili ni kipya, bado kina nailoni."

Binti akapiga meza kofi.

"Hawakuhamisha waya," akasema. "Ruta ya zamani wameiacha inawaka na ghala liko kwake. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe humo ndani, nje hakuna anayezisikia. Baba, kwenye ncha ya ule waya mwembamba kuna kilimi—"

"Nimekishika zamani."

Alikibonyeza, waya ukachomoka. Akautafutia tundu kwenye ruta mpya, akajaribu ubavu mmoja ukagoma, akaugeuza, ukaingia na kulia ta. Mlio huo ulimpendeza kuliko nyimbo nyingi. Wakangoja. Hakuwa na taa ya kutazama, hivyo aliweka kiganja juu ya ghala, na baada ya muda akahisi ndani yake kitu kikianza kukwaruza harakaharaka, kama panya mwenye shughuli.

"Linafanya kazi," akasema yeye kwanza.

"Yamefunguka. Baba, yamefunguka yote, haya hapa." Mtu akamwita kwa nyuma, na simu ikakatwa bila hata kwaheri.

Mzee Springi alibaki amesimama, kiganja juu ya ghala. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa na hasira ndani yake.

Kifungua mimba aliingia akihema, tai imekwenda begani. Akaona katoni sakafuni na kisu mezani.

"Hiki kisu umekipata wapi?"

"Kwenye kochi."

"Kochi gani?"

"Ulilokuwa umelikalia siku ile ukihesabu visu."

Mwana akakaa kwenye mkono wa kiti. "Ungejikata, Baba. Ungeshika umeme. Na simu ningepigiwa mimi, kama nilivyopigiwa ya Mama, na nikafika kumekwisha." Alisema hayo taratibu, na mzee alijua ni kweli tupu. Mtoto huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake alikuwa ameigeuza gundi.

"Leo umepigiwa, umefika, na niko mzima," mzee akasema. "Lete mkono."

Akaushika, akaupeleka kwenye ruta ya zamani, akaweka kidole cha mwanawe kwenye tundu lililobaki wazi.

"Ghala la mdogo wako lilikuwa limechomekwa hapa. Hapa hapatoki kitu kwenda popote."

Mtu wa bima alitazama nyaya kwa muda mrefu. "Lakini taa zilikuwa zinawaka, Baba. Niliziangalia mwenyewe."

"Zilikuwa zinawaka," mzee akakubali. "Na mimi ndivyo ulivyotaka nikawake huko chumbani kwako. Nimepakiwa rangi, nina joto, nimechomekwa ukutani, na sijaunganishwa na kitu. Kila atakayechungulia atakwambia mzee yupo salama. Siendi."

Safari hii mwana hakujitia hamnazo. Alijifuta uso, akahama kutoka kwenye mkono wa kiti, akajitupa katikati ya kochi kwa uchovu. Chini yake springi ikalia.

Mzee Springi akageuza sikio. "Inuka. Hiyo imelegea, na mshono nimeuchana mwenyewe. Jumapili njoo na sanduku langu la zana."

Mwana aliinuka. Akakiangalia kisu kilichokuwa mezani, akanyoosha mkono, kisha akauacha mkono ukarudi ulikotoka.

"Jumapili saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi. Na upitie dukani, uniletee uzi mnene."