Tunda la Kahawa Mdomoni

Nina kigugumizi, na mama alizoea kunimalizia maneno. Mtaalamu wa tiba ya usemi kule Mbeya alimwambia, "Mama, dawa hii ni yako. Umwache amalize mwenyewe." Mama alijaribu, akashindwa.

Siku moja tukichuma kahawa shambani kwetu Mbozi, baba aliniuliza nataka kujifunza kazi gani. Siku zote mama ndiye aliyenijibia: ufundi pikipiki. Safari hii alitia tunda bivu la kahawa mdomoni, akalimung'unya.

Nilichukua muda mrefu. "Ku-ku-kushona," nikasema.

Baba akacheka. "Kumbe! Na wewe mama, leo umekuwa bubu?"

Mama akatema kokwa. "Ngoja, baba. Hajamaliza."

Kweli, nilikuwa sijamaliza.

"Tu-Tunduma," nikasema. "Kwa shangazi."