Mjomba Wako Akikuuliza

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa na begi la mgongoni kama hilo lako, nimesimama kando ya Mto Meuse katika mji wa Liège, kule Ubelgiji, nimejaa hasira kwa sababu ya kitenge. Usicheke. Acha kwanza kulikunja hilo koti, halitaingia hata ulibembeleze, ukae hapa kitandani nikusimulie. Treni yako ni ya kesho.

Wakati huo nilikuwa sijaolewa, mwanafunzi wa uuguzi, nimepanga chumba hapa Small Heath, Birmingham, juu ya duka la vitambaa, Coventry Road. Chumba cha pili kilikuwa cha Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu. Mtu wa maombi yule, na mtu wa maneno pia! Alinilea kama wake. Nikitoka kazini hoi, nilikuta sombe, yaani kisamvu, imefunikwa mlangoni kwangu. Basi nilipomwambia nimepata visa na nafunga safari peke yangu, ati nikazurure katika miji ya kale, nione makanisa ya mawe na madaraja, aliniuliza, "Na Liège utafika?" Nikamwambia hapana.

"Utafika," akasema. "Mdogo wangu eko kule."

Ndivyo nilivyobebeshwa kitenge. Kitenge kizima, hakijakatwa, kizito kama mtoto mchanga. Ilibidi nitoe viatu vyangu vya pili kwenye begi ndipo zipu ikakubali kufunga. Nilinung'unika, lakini kimoyomoyo. Ungethubutu wewe kumnung'unikia Mama Furaha?

Sasa kuna jambo unapaswa kulijua. Mama Furaha alikuwa anaumwa figo. Alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu, na zile ngazi zetu alizipanda kwa kupumzika katikati. Asubuhi ya safari alinishika mkono, akaukaza. "Odette akikuuliza, umuambie niko muzuri. Umuambie nimenenepa. Umesikia?" Nikaitikia. Mtu mzima akikutuma hivyo, utabishana naye?

Liège ni mji wa kupendeza, sikudanganyi. Nyumba za kale zimebanana ukingoni mwa mto, kuna ngazi ndefu za mawe zinazopanda kilima mpaka magoti yaombe msamaha, na Jumapili soko hupangwa kandokando ya maji: jibini, maua, kuku hai, nguo za mitumba. Nami nilikuwa na siku ile moja tu, kesho yake naendelea na safari. Nikapanga akilini mwangu: nitabisha hodi, nitatoa kitenge, nitaaga, nirudi mtoni kabla soko halijafungwa.

Aliyenifungulia alikuwa mama mfupi, mnene, mikono yote unga. Nikanyoosha kitenge, nikaanza kuaga palepale. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mtu anatoka kwa yaya yangu, anasimama kwa mulango kama anauzisha kitu? Ingia, mwana!"

Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Nikaingia. Nikapewa kiti, nikanawishwa, nikawekewa ugali wa muhogo na samaki, na hakuna aliyeniuliza lolote mpaka nikashiba. Kwao ni kama kwetu Nyeri: anayetoka kwa ndugu hula kwanza, habari baadaye. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Tantine Odette, maana kwao mama wa umri huo huitwa tantine, yaani shangazi, alikifungua kile kitenge, akakiweka usoni, akakinusa kwa muda mrefu. Alikuwa hajamwona dada yake tangu walipopotezana wakikimbia vita. Yule aliangukia Uingereza, huyu Ubelgiji, na katikati yao ilibaki simu tu.

"Haya, leta habari," akasema. "Yaya anakulaka?"

"Anakula, tantine."

"Anaendaka kanisa?"

"Kila Jumapili."

"Na mwili?"

"Ako sawa kabisa. Amenenepa."

Nililisema hilo kwa tabasamu, nikijua nimemaliza kazi niliyotumwa. Mikono yake ikasimama juu ya kitenge.

"Amenenepa wapi? Sura ao miguu?"

Woi, mwanangu! Mimi nilikuwa nasomea mambo hayohayo. Nilijua vile miguu ya Mama Furaha ilivyokuwa ikivimba jioni hadi ndara zinakataa kuingia. Nikainamia sahani ambayo haikuwa na kitu tena.

"Mama yetu alianzaka na miguu," Odette akasema taratibu. "Kwa simu, Yaya kila siku iko bien, iko bien. Mimi sioni kwa simu. Vitenge hapa vinajaa, mwana. Nilikuwa nangoja mtu mwenye alimuona na macho."

Ningeweza kula kona. Nilikuwa nimeagizwa, tena na mtu niliyempenda. Lakini yule mama alikuwa ameshanisoma, na nilihisi nikimdanganya tena nitakuwa nimemwibia.

"Ni miguu, tantine," nikamwambia.

Alilia, na mimi nikalia. Nikamweleza yote: figo, hospitali, kupumzika kwenye ngazi. Nikamweleza pia kwamba bado anaimba akipika, na bado anagombana na mwenye duka kila wiki na kila wiki anamshinda, maana hayo nayo nilikuwa nimeyaona. Hapo akacheka huku machozi yanamtiririka. Nilipotoka kwake soko lilikuwa limeshafagiliwa. Ule mto niliuona kidogo tu, nikipita nao kurudi hosteli.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Karatasi za Odette za kusafiri zilikuwa tayari siku nyingi. Kilichomkalisha ni ile "niko muzuri" ya simu. Kila mwaka alisema ataenda mwaka ujao, si dada yake mzima?

Nilirudi Birmingham nikiogopa, na haki ya Mungu nilikuwa na sababu. "Nilikutuma kitenge!" Mama Furaha akaniambia, kidole kikiwa mbele ya pua yangu. "Nilikutuma mdomo?" Akaninunia. Sombe ikakoma mlangoni. Niliumia sana, nikadhani nimempoteza.

Kisha siku moja nikasikia sauti chini kwenye mlango wa barabarani: "Yaya! Yaya!" Na Mama Furaha, aliyekuwa akipumzika katikati, alizishuka ngazi zote bila kusimama. Odette alikuwa amevaa kile kitenge, ameshakishona. Jioni nilipopita nje ya chumba chao niliona ameipakata miguu ya dada yake mapajani, anaipaka mafuta, wanabishana ni nani aliyevunja chungu cha nyanya yao. Nje ya mlango wangu palikuwa na sombe.

Walipata miaka kadhaa ya kutembeleana. Siku Mama Furaha alipotutoka, Odette ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Na kabla ya hapo Mama Furaha alikuwa ameniita kando, akaniambia, "Ile mdomo yako, Mungu aibariki."

Sasa wewe unaenda Cologne kuuona mto wako, na nakusikia ukinong'ona kwa Kizungu kwamba hata huko majani haya ya chai ninayomtumia mjomba wako yanauzwa. Najua yanauzwa. Utayabeba. Utembee, upige picha zako, uzurure mpaka uchoke, lakini mzigo wa mtu usiuache mlangoni. Kaa ule. Mtazame vizuri mjomba wako, uone kama anacheka, kama nyumba yake ina joto, ili nami uniletee habari. Na ukiulizwa hali ya mtu, sema ulichokiona, useme kwa upole, na mazuri yake usiyasahau.

Ngoja, sijamaliza. Hapa ndipo penye ugumu kwangu. Mjomba wako nimekuwa nikimwambia niko sawa. Akipiga simu nakaa wima ili asisikie ninavyohema. Wewe umeziona dawa kando ya kitanda changu, umeniona nikishika ukuta nikitoka jikoni. Yule ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, naona haya kumwambia kwamba moyo wangu umechoka. Mwambie wewe. Mkishakula, akikuuliza mama anaendeleaje, usimwambie nimenenepa.

Haya, lete hilo begi nikushikie zipu. Mungu akutangulie njiani, akupe watu wa kukufungulia mlango, akurudishe kwangu ukiwa mzima. Na mdomo wako, mwanangu, aubariki.