Makala Isiyo na Ukurasa wa Kwanza

Wanafunzi wa chuo walimpachika jina la Kimya, naye hakulikataa. Juu ya meza yake ya mkutubi maktabani, kando ya dirisha lisilofunga vizuri, alikuwa ameweka karatasi ngumu aliyoiandika kwa mkono kwa ajili ya wale waliomjia wamenuna kwa kuwa jarida fulani limewafungia mlango. Tafuta nakala ya bure kwenye ukurasa wa mtafiti mwenyewe. Tafuta kwenye hifadhi ya chuo anakofundisha. Angalia kama ni rasimu au toleo la mwisho. Ukikosa kote, mwandikie mtafiti.

"Hawezi kukunyima," alizoea kuwaambia kwa sauti ndogo yenye uhakika. Lakini katika miaka yake minne ya kazi, yeye mwenyewe hakuwahi kumwandikia mtafiti hata mmoja. Kumwandikia mtu asiyemjua, tena profesa, tena kwa kumwomba! Midomo yake ilikuwa mizito, na vidole vyake vilikuwa ndugu wa midomo.

Basi mama yake mdogo akampigia simu. Mama huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake saba waliolima maharage pamoja, na kwa misimu miwili fukusi walikuwa wamewatobolea mbegu zikabaki unga. Redioni alikuwa amesikia kwamba kuna watafiti wanaoua fukusi kwa jua tu, bila dawa.

"Hayo si ndiyo mambo yako, mwanangu? Nitafutie karatasi yao. Siyo ya kusimuliwa, nataka yenyewe."

Kimya aliipata kabla hajamaliza kipande chake cha mkate. Jarida lilimwonyesha ikisiri tu, muhtasari wa aya moja. Makala yote ilitaka usajili ambao chuo kilishauacha. Lakini mtafiti alikuwa ameweka rasimu nzima kwenye ukurasa wake, bure kabisa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno mekundu: rasimu, bado haijakaguliwa, subiri toleo la mwisho.

Maana yake aliijua kuliko mtu yeyote jengoni humo. Akafungua barua pepe. Akaandika "Mheshimiwa Profesa", akafuta. Akaandika "Ndugu Profesa", akafuta. Mwishowe akaifunga, akachapa rasimu kuanzia ukurasa wa pili. Alimjua mama yake mdogo: akiliona neno rasimu atauliza maswali ishirini. Pembeni mwa kila ukurasa akaandika maelekezo kwa lugha nyepesi, akampelekea.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema.

Kazi ya kuanika akapewa Mama Ghala, mjane aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la kikundi. Alitandika nailoni nyeusi chini, akamwaga mbegu, akafunika nailoni angavu juu, akakaa na kuhesabu saa tano kama karatasi ilivyosema. Fukusi walikufa wote. Mama mdogo alivimba kichwa, na kila aliyekutana naye alisikia habari za "binti yetu wa chuoni". Kisha mvua ikanyesha, wakapanda. Wiki mbili zikapita na shamba halina hata jani moja. Walipofukua, maharage yalikuwa yameoza ardhini.

"Mama Ghala ametumaliza," mama mdogo alilia kwenye simu. "Amesinzia huko, mbegu zikaiva juani! Jumamosi tunamnyang'anya ufunguo."

"Lakini mama, labda karatasi..."

"Karatasi ina kosa gani? Si uliniletea yenyewe?"

"Ndiyo."

Ile ndiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi iliyofuata alijikaza, akamwandikia mtafiti mistari mitano. Chai yake haijapoa, jibu likaingia, na toleo la mwisho limeambatishwa. "Asante kwa kuuliza," profesa aliandika. "Tafadhali usitumie rasimu ile kwa mbegu. Wakaguzi walitutaka turudie jaribio la uotaji. Saa tano ni kwa maharage ya kula. Ya kupanda yasizidi saa mbili."

Basi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna aliyemfokea wala kumuuliza yeye ni nani. Kimya alitamani profesa angekuwa katili, angalau apate pa kuegemeza kosa lake.

Jumamosi wanawake walijaa sebuleni kwa mama mdogo, na Kimya akaja akaketi pembeni. Mama Ghala aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, ufunguo umelala gotini.

"Mama Ghala," akaanza mshonaji waliyemwita Cherehani, maana mdomo wake haukusimama, "ulianika au ulipika? Ungetuwekea na chumvi basi."

Wengine wakacheka. Mama Ghala hakucheka.

"Nilikaa palepale, wanangu. Nilitazama saa, nikahesabu tano." Akageuzageuza ufunguo. "Lakini uzee huu... labda nilipitiwa."

"Hakupitiwa," alisema Kimya.

"Nani kasema?"

"Mimi." Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Kaa, mwanangu," mama mdogo akasema. "Haya hayakuhusu."

"Yananihusu, mama. Karatasi niliyokuletea ilikuwa rasimu, na saa zake tano ndizo zilizoua mbegu. Ukurasa wa kwanza ulionya, nikauacha. Niliuacha makusudi."

Cherehani akainama mbele. "Makusudi? Kwa nini?"

"Ili nisiulizwe maswali."

"Na ile nzuri ilikuwa wapi?"

"Ilibidi nimwombe mtafiti mwenyewe. Nikaona haya."

"Wewe ukaona haya," Cherehani akasema taratibu, "sisi tutaona njaa."

Hakuna aliyecheka. Kimya alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji nzuri.

"Kwa hiyo sikulala," akasema Mama Ghala.

"Hukulala, bibi. Ulifanya kila kitu sawasawa."

"Wiki nzima nimekaa nikijiuliza kama akili zinaniacha. Nimewaambia hata wanangu waanze kunichunga." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Hakusema amesamehe, wala Kimya hakuthubutu kuomba.

Mama mdogo alikuwa akitazama dirishani. "Nimekusifia mpaka kwa watu nisiowajua," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Kimya. Kisha akageuka. "Bado tuna siku kumi za kupanda. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wana mbegu. Utakwenda wewe kuomba, nyumba kwa nyumba. Mama Ghala atakuonyesha njia."

"Na huko... nani atasema kilichotokea?"

"Unamtaka nani aseme?"

Wakaondoka saa ileile, mjane mbele na Kimya nyuma. Kwenye nyumba ya kwanza mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani kulikuwa na watu wengi, wote wageni kwake. Mama Ghala akapiga hodi. Wenyeji waliposikika wakija, akarudi nyuma hatua moja, akamwachia Kimya kizingiti.

"Haya," alisema. "Waambie."